Chombo cha Anga Hakina pa Kujificha

Msomaji mmoja, baada ya kutazama filamu ya vita vya angani, ameuliza: kwa nini nahodha wa chombo cha anga asifiche moto wa injini zake, au azizime kabisa, akapita bila adui kumwona? Nitajibu bila kueleza namna roketi inavyosukumwa, kwa sababu utamu wa swali hili uko kwingine.

Moto wenyewe haufichiki. Tarehe 21 Desemba 1968 Apollo 8 iliwasha injini moja tu ya hidrojeni na oksijeni ili iondoke kuelekea mwezini, na watu waliokuwa Hawaii wakaona mwanga wake. Kuanzia 1970 Marekani iliweka satelaiti za DSP umbali wa kilomita 36,000 hivi juu yetu, kazi yake ikiwa kunasa joto la makombora. Katika Vita vya Ghuba vya 1991 ziliyaona makombora ya Scud ya Iraki yakiruka. Injini za ioni zina mwanga hafifu, ila na msukumo wake ni hafifu: ile ya chombo cha Dawn ilihitaji siku 4 kukiongezea mwendo wa kilomita 97 kwa saa. Kwa msukumo huo huwezi kupigana vita.

Basi tuseme injini zote zimezimwa. Hapa ndipo fizikia inapopendeza. Chukua chupa ya chai. Kati ya kuta zake mbili hewa imeondolewa, na joto haliwezi kuvuka ombwe kwa kugusana wala kwa kubebwa na hewa. Limebakiwa na njia moja, mnururisho, maana kila kitu chenye joto hutoa mionzi hata gizani. Ndiyo sababu kuta hizo hung'arishwa kama kioo, ili mionzi nayo irudishwe kwenye chai. Sasa chombo cha anga ni chai hiyo, ombwe limekizunguka, lakini ukuta wa nje haupo. Kila mita ya mraba ya ngozi yake, ikiwa na nyuzijoto 20, humwaga wati 400 na ushei za mionzi ya infraredi katika anga lenye baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri. Kwa darubini ya infraredi, hiyo ni taa.

Nahodha atasema aung'arishe mwili wa chombo kama chupa. Sawa, lakini chai yake ina moto chini yake usiozimika. Mtu mmoja aliyetulia hutoa takriban wati 100. Ongeza pampu, kompyuta na mtambo wa umeme. Ukiziba joto hilo ndani, wafanyakazi watakufa kwa joto. Ukilitoa kwa mashine ya kupoza, mashine nayo hula umeme, na joto la umeme huo lazima litoke pamoja na lile la kwanza. Tena bamba la kutolea joto linapozidi kupata moto, mionzi haizidi kidogo kidogo: jotoridi likiongezeka mara 2 kwa kipimo cha kelvini, mionzi huongezeka mara 16! Kituo cha Kimataifa cha Anga kimebeba mabamba makubwa meupe yenye mabomba ya amonia kwa kazi hiyo tu.

Kuna ujanja mmoja wa kweli, nao ni kuelekeza joto upande mmoja. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina ngao ya tabaka 5; upande wa jua una joto kali, na upande wa pili hushuka hadi nyuzi 230 na zaidi chini ya sifuri. Ujanja huo humfaa anayejua adui alipo, na mwenye uhakika kwamba adui hana jicho jingine popote. Ni kweli anga ni kubwa, lakini mwaka 2010 darubini ya infraredi ya WISE ililikagua lote kwa miezi 6.

Jibu langu, basi, ni kwamba nahodha hawezi kujificha. WISE hiyohiyo imegundua maelfu ya asteroidi kwa kuona joto lake, na mawe hayo hayana injini wala mtu ndani, yamepashwa na jua tu. Chombo chenye wafanyakazi walio hai ni rahisi kukiona kuliko jiwe la ukubwa uleule.