Kilwa: Imani, Elimu na Uzuri (2): Kuba Zilizoanguka

Katika makala iliyopita tulimwacha msafiri Ibn Battuta Kilwa, mwaka 1331, akiusifu mji kwa uzuri wake na wenyeji wake kwa uchaji wao. Leo tuingie msikitini.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una sehemu mbili. Ya kaskazini ni ndogo na kongwe, ya karne ya 11 au ya 12. Ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipitia Kilwa, na sehemu ya mali hiyo ikageuka kuba na matao.

Atakayefika pale asiishie kutazama juu. Akaribie kingo za milango na mihrabu za magofu haya, apitishe kidole. Ni tumbawe lililokatwa chini ya maji. Likiwa bado bichi huchongeka kwa urahisi. Likishapigwa na upepo hukauka na kuwa gumu. Kwa hiyo fundi hakuwa na nafasi ya kusitasita: akichelewa, jiwe limemgomea. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa juu ya marundo ya magogo. Wapo wanaoona uzuri kuwa anasa mbele ya ibada, kwamba swala ni swala hata chini ya mwembe. Ni kweli swala inasihi popote palipo safi. Lakini mtu aliyeuchonga ukingo ule kwa unyofu ule, mahali ambapo wengi wangepita bila kuutazama, alikuwa na sababu, na mimi sioni sababu nyingine ila kwamba aliamini kuna Anayetazama.

Kuba zile zilianguka. Tarikhi ya Kilwa, iitwayo Kitab as-Sulwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kwamba msikiti ulikaa gofu muda mrefu, watu wakisali chini ya vibanda vya turubai. Katika enzi ya Sultani Sulaiman bin Muhammad, aliyetawala kati ya 1421 na 1442, akatokea Haji Rush kuomba ruhusa ya kuujenga upya. Sultani akampa mithkali elfu moja za dhahabu. Haji hakutaka kujenga ila kwa mali yake mwenyewe, lakini kumkatalia sultani usoni halikuwa jambo dogo. Akazipokea, akaziweka. Msikiti akaujenga kwa fedha zake, na sultani alipofariki akawarudishia warithi mithkali zao zote.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na bado kinanigusa. Haji Rush hakushindana na mfalme wala hakumwaibisha. Aliilinda nia yake kimya kimya kwa miaka, na sifa akawaachia wengine. Mchimbaji wa mambo ya kale, kama Neville Chittick aliyefukua Kilwa kwa miaka mingi, anaweza kutuonyesha kwamba nguzo za baadaye si sawa na za kwanza. Jiwe litamwambia jinsi ukarabati ulivyofanywa. Nia ya mkarabati haimo katika jiwe. Imo kitabuni, na kitabu hicho nusura tukikose. Nakala tuliyo nayo ilitolewa na Sayyid Barghash wa Unguja kumpa balozi John Kirk mwaka 1877, na sasa imo katika Maktaba ya Uingereza, London.

Sisemi haya ili kuipamba Kilwa. Ibn Battuta huyo huyo anasimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemen alipotunukiwa na Sultani al-Hasan, miongoni mwa zawadi walikuwamo watumwa, pamoja na pembe za ndovu. Watumwa wale walikuwa na majina na mama zao, na hakuna aliyeyaandika. Elimu ya Kilwa iliwasahau, na anayeupenda mji huu hana budi kulibeba na hilo.

Kutoka jiwe na kitabu, sasa tuitazame sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba: upande mmoja jina la mfalme, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zimetungwa zifanye kina. Ili kina kitimie, lazima uigeuze sarafu na uisome. Muuza samaki wa Kisiwani alishika ushairi na tauhidi kwa vidole viwili. Moja ya sarafu za al-Hasan bin Sulaiman ilionekana Zimbabwe Kuu, mbali sana na pwani.

Kusoma ndiko kunakonishughulisha. Huko Goa, India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili za mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, mojawapo ya Mfalme Fatima wa Kilwa. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha yetu yaliyosalia. Mtoto wa Kilwa Kivinje anayesoma juzuu amma tayari anazijua herufi hizo, ila hajaambiwa kwamba malkia wa Kilwa aliandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Barua ile ichapwe, ipelekwe madrasa za Kivinje na Masoko na shule za sekondari za mkoa mzima, na iandamane na utenzi wa vita vya Majimaji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa tena mwaka 1957. Kwa utenzi huo tutaanza juma lijalo.