Diski Mpya Imenakiliwa, Mbona Kompyuta Haianzi?



Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa kompyuta ni moja, na inatumiwa na wote. Kaka anayesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au Mkwawa ameweka humo utafiti wake, baba ana hesabu za duka, mama ana picha za watoto. Kompyuta hiyo ikizidi kuwa nzito, mafundi hushauri: "Toa diski ya zamani, weka SSD." Ushauri huo ni mzuri. Taabu huja pale diski mpya imeshanakiliwa na kufungwa ndani, halafu kioo kinabaki cheusi na maneno machache kwamba hakuna diski ya kuanzia. Hapo wengi hukata tamaa na kusema, "Futa, piga Windows upya." Tunasema: msifute kitu kwanza. Mara nyingi hakuna kilichopotea.

Tofauti ya diski hizi

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, katika laptop nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hupita juu yake bila kuzigusa. Laptop iliyoachwa inafanya kazi ndani ya basi la Iringa kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kupitia Mafinga na Makambako, inaweza kuumia kwa mtikisiko mmoja. SSD haina kinachozunguka. Kila kitu kimo ndani ya vipande vya kumbukumbu, ndiyo maana ni nyepesi na haraka.

Kwa nini haianzi?

Tukibonyeza kitufe, Windows siyo inayoamka kwanza. Inaamka programu ndogo iliyo kwenye madabodi. Katika mashine za zamani huitwa BIOS, katika za sasa UEFI. Kazi yake ni kutafuta mahali pa kuanzia. BIOS husoma kipande cha mwanzo kabisa cha diski. UEFI hutafuta chumba kidogo kilichofichwa, mara nyingi cha MB 100 tu, chenye programu ya kuiamsha Windows.

Ni kama mgeni aliyefika Mwanjelwa na jina la nyumba mkononi, lakini hakuambiwa mlango uko upande gani. Nyumba ipo, vyombo vyote vimo ndani, naye anazunguka nje. Basi kazi yetu ni kumwonyesha mlango.

Tufuate hatua hizi kwa utaratibu

1. Zima kompyuta, toa diski ya zamani, acha mpya peke yake. Diski iliyonakiliwa ni pacha wa ile ya kwanza hata kwa namba yake ya utambulisho, na zikikaa pamoja kompyuta huweza kuzichanganya.

2. Washa na uingie kwenye mipangilio ya madabodi. Kwa Dell nyingi ni kubonyeza F2, kwa HP F10, na kwa kompyuta nyingi za mezani Delete. Tazama kama jina la SSD linaonekana. Lisipoonekana, huenda haikukaa vizuri, au mashine haipokei aina hiyo ya diski.

3. Likionekana, nenda kwenye orodha ya mpangilio wa kuanzia. Iweke SSD, au jina "Windows Boot Manager", juu kabisa, kisha uhifadhi.

4. Angalia kama mashine iko katika UEFI au katika mtindo wa zamani ulioandikwa "Legacy". Lazima ubaki ule uliotumiwa na diski ya kwanza. Pia usibadilishe AHCI kuwa RAID wala RAID kuwa AHCI, kwani Windows huweza kugoma na kuonyesha kioo cha buluu.

5. Ikigoma bado, huenda kilinakiliwa chumba cha C peke yake, na kile kidogo kikaachwa. Rudisha diski ya zamani, unakili upya diski nzima. Programu ya Clonezilla hufanya hivyo bila malipo, ila diski mpya isiwe ndogo kuliko ya kwanza. Njia nyingine ni kuanzia kwenye flashi yenye Windows na kuchagua sehemu ya kurekebisha uanzaji.

6. Kompyuta ikidai ufunguo wa BitLocker, usibahatishe. Ni tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Autafute kabla ya kazi kuanza.

Tusisahau umeme. Kunakili huchukua muda mrefu, na umeme ukikatika katikati diski mpya hubaki na nakala pungufu. Laptop iwe na betri iliyojaa na iwe kwenye chaji, kompyuta ya mezani iwe na UPS.

Diski ya zamani ni amana

Jambo kubwa tunalowausia ni hili: diski ya zamani isiguswe mpaka mpya iwashwe peke yake, mara kadhaa, na kila mwenye kitu chake akifungue na kukiona. Iwekeni kabatini mwezi mzima. Maadamu ipo, kosa lolote linarekebishika. Ikishafutwa kwa haraka, utafiti wa mwaka mzima wa kijana huweza kwenda nayo.

Na siku mkitaka kuiuza au kumpa mtu, isifutwe juu juu, kwani ufutaji wa haraka huacha mengi yanayoweza kurudishwa. Fundi aiandike upya yote, mwanzo hadi mwisho. Picha za familia na hesabu za watu ni siri zao, na siri ni amana hata ikiwa ndani ya chuma kilichochakaa.