FILME GANI INAPATA «CULTE» YAKE?



Siku moja, kisha ibada ya asubuhi, mwanafunzi wa darasa la nne alituuliza ulizo hili: «Nimesoma mu gazeti la Kifaransa neno film culte. Sisi tunaita culte ibada ya siku ya Mungu. Sasa namna gani filme inaweza kuwa na culte? Watu wanaiabudu?» Wengine walicheka. Lakini ulizo ni zuri, tena lina uzito.

Kwanza tuelewe neno. Si kila filme inayopendwa na watu wengi inaitwa hivyo. Iko filme inayojaza sinema miezi miwili, na kisha mwaka mmoja hakuna anayeikumbuka. Film culte ni ile ambayo kundi la watu, hata likiwa dogo, linarudia kuitazama mara tano, mara kumi, ingawa wote wanajua mwisho wake. Wanashika maneno yake kwa kichwa. Mmoja akianza neno, mwenzake analimaliza, na kwa neno hilo wanatambuana.

Mara nyingi filme ya namna hiyo haikushinda siku ilipotoka. Tutoe mfano. Mwezi wa 12 mwaka 1946, ku Marekani, Frank Capra alitoa filme It's a Wonderful Life. Kwa Kifaransa inaitwa La vie est belle (isichanganywe na ile ya Papa Wemba ya mwaka 1987, jina tu ni moja). Ni habari ya George Bailey, mtu wa mji mdogo wa Bedford Falls. Alitamani kusafiri dunia yote, lakini alibaki kwao juu ya kusaidia watu kupata nyumba. Siku moja ndugu ya baba yake anapoteza dolari 8 000 za kazi. Usiku wa kuamkia Noeli, George anasimama juu ya daraja, anataka kufa. Malaika mmoja anamwonyesha mji wao ungekuwa namna gani kama yeye hangezaliwa.

Filme hiyo haikuleta faida waliyongojea. Watu wakaisahau. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, haki ya filme ilidumu miaka 28, kisha mwenye nayo alipashwa kuiandikisha tena. Mwaka 1974 haikuandikishwa. Basi vituo vya televizio vikaionyesha bila kulipa, kila Noeli, mara nyingi kwa siku chache. Watoto wakakua nayo. Mwaka 1993 kampuni moja ilipata tena haki yake, lakini filme ilikwisha kuingia mu nyumba za watu.

Je, bure peke yake inatosha? Hapana. Filme nyingi zilikuwa za bure na hakuna aliyezirudilia. Hii ilirudiliwa sababu mtazamaji alikutana ndani yake na ulizo lake mwenyewe: maisha yangu yana faida gani?

Nasi hapa Kongo tuliona jambo hili. Mu miaka ya 1950, Kinshasa ilikuwa ingali inaitwa Léopoldville. Vijana wa cité walipenda sana filme za macowboy, zaidi zile za Buffalo Bill. Hawakuishia kutazama. Walijiita Bills, wakavaa jeans, wakafunga kitambaa shingoni. Wakajitungia hata luga yao, Hindubill, iliyochanganya Lingala, Kifaransa na maneno mengine. Hakuna kampuni ya filme iliyowaomba wafanye hivyo. Juu ya nini walifanya? Inchi ilikuwa chini ya wakoloni, na hata baba mwenye mvi aliitwa «boy». Mule mu sinema kijana aliona mwanaume anayepanda farasi wake na kwenda bila kuomba ruhusa. Alitazama kile alichokosa.

Lakini tuseme yote. Vikundi vingine vya Bills vilipigana, na wasichana waliumizwa sana. Padre mmoja Mbelgiji alikwenda kuishi karibu nao, wakamwita Père Buffalo. Yeye hakuanza kwa kuwafukuza. Aliingia kwanza mu mambo waliyoyapenda.

Basi tumjibu mwenzetu. Filme haifanywi culte na yule aliyeitengeneza, wala na pesa yake. Watazamaji ndio wanaoifanya hivyo: kwa kurudia, kwa kushika maneno yake, na kwa kupata wenzao ndani yake. Kwa hiyo neno hilo halikupotea njia. Sisi pia tunarudi kila siku ya Mungu kusikia habari ambayo tunajua mwisho wake, pamoja na wale tunaowaita ndugu. Kurudia si kosa. Ulizo ni hili: tukitoka, tunakwenda wapi? George Bailey aliondoka pale darajani, akakimbia nyumbani kwa bibi na watoto wake. Bills wengine walitoka sinema, wakaenda kupiga wenzao.

Wewe ukijikuta unatazama filme moja mara ya sita, usione haya. Kaa kidogo tu, ujiulize: natafuta nini humu, na nikiamka hapa nitakuwa mtu gani kwa wenzangu wa chumba?

Mwenye jibu atuandikie.