Mbu Anayeuma Mchana Huzaliwa Ndani ya Mapipa Yetu

Wakazi wengi wa Kaunti ya Mombasa wanajua kujikinga na malaria. Jioni madirisha hufungwa, neti hushushwa, na mtoto hulazwa ndani yake kabla giza halijakolea. Mazoea hayo yameokoa maisha ya wengi na yanafaa kuendelea. Lakini yupo mbu mwingine ambaye neti ya usiku haimzuii, kwa kuwa yeye huuma mchana.

Jina lake la kitaalamu ni Aedes aegypti. Ni mdogo, mweusi, na miguu yake ina madoa meupe. Huuma zaidi asubuhi baada ya jua kuchomoza, na tena alasiri hadi magharibi. Huuma mtoto aliye darasani, mama anayepika uani na mzee aliyeketi barazani. Mbu huyu ndiye anayeeneza homa ya dengue, ambayo kwa Kiswahili huitwa kidingapopo, na ndiye pia anayeeneza chikungunya.

Makala hii inaeleza anakozaliwa, namna ya kumkomesha, na la kufanya homa inapoingia nyumbani.

Si magonjwa mageni Pwani

Dengue ilithibitishwa Pwani ya Kenya mwaka 1982, eneo la Malindi. Mwaka 2013 ililipuka hapa Mombasa. Watafiti walipopima damu ya wakazi wa Tudor mwaka huo, asilimia 13 ya waliopimwa walikutwa na dalili za kuambukizwa karibuni. Jambo la kuzingatia zaidi ni hili: wengi wa wagonjwa hao waliokwenda kutafuta matibabu waliambiwa wana malaria. Tangu wakati huo dengue imerudi Mombasa zaidi ya mara moja.

Chikungunya nayo ilivuma Lamu mwaka 2004. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Kutoka huko ikafika Mombasa, kisha Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Ikazuka tena Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Kimakonde, kusini mwa Tanzania, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1952. Maana yake ni kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo.

Mlipuko wa Lamu una funzo ambalo kila mkazi wa Mombasa anapaswa kulijua. Haukutokea wakati wa mafuriko. Ulitokea wakati wa ukame, ambapo watu walikuwa wameweka maji majumbani kwa siku nyingi bila kuyabadilisha wala kuyafunika vizuri. Mbu hawakuhitaji mvua. Walikuta maji tayari, kivulini, karibu na watu wa kuuma.

Kwa nini mji wetu unamfaa mbu huyu

Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na vyanzo vya Marere na Tiwi katika Kaunti ya Kwale. Hayatoshelezi mahitaji ya mji. Ndiyo maana karibu kila nyumba ina akiba yake: pipa la plastiki jikoni, mitungi ya lita 20 iliyonunuliwa kwa mwenye mkokoteni, tangi juu ya paa au shimo la maji chini ya sakafu. Katika nyumba za vyumba vya kupanga, utakuta mapipa matano au sita yamepangwa ua mmoja, kila mpangaji na lake.

Hakuna ubaya wowote wa kuweka akiba ya maji. Bila akiba maisha ya mji huu yangekwama. Hatari inakuja pale pipa linapoachwa wazi, au linapofunikwa kwa ubao wenye mwanya. Mbu wa malaria hupendelea madimbwi na maji yaliyotuama nje. Mbu wa mchana yeye hupenda maji masafi yaliyo ndani ya vyombo. Kwake yeye, pipa lako la maji ya kuoga ni mahali pazuri pa kutaga kuliko mtaro mchafu wa barabarani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Baada ya mvua za masika na za vuli, vyombo vingine huongezeka: tairi kuukuu kwenye gereji, vifuu vya madafu vilivyotupwa kando ya barabara, chupa, mikebe, michirizi ya paa iliyoziba, na visahani vilivyo chini ya vyungu vya maua. Ndani ya nyumba, usisahau trei iliyo nyuma ya friji na ndoo inayokinga maji ya kiyoyozi.

Yai linalosubiri maji

Mbu jike hutaga mayai yake kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo ni madogo mno na hushikamana na ukuta kama vumbi jeusi. Maji yakipanda na kuyafikia, huanguliwa na kuwa viluwiluwi, wale wadudu wembamba wanaojipinda-pinda na kukimbilia chini unapotikisa pipa. Katika joto la Pwani, safari ya kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban siku 7 hadi 10.

Yai hilo pia linaweza kukaa kavu kwa miezi kadhaa bila kufa. Kwa hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ukimwaga pipa leo na kulijaza kesho bila kulisugua, umeyapa mayai maji yaliyokuwa yakiyasubiri.

Kazi ya kila wiki

Kwa kuwa mbu huhitaji kama wiki moja kukua, nyumba inayosafisha vyombo vyake mara moja kila wiki hukata safari hiyo kabla haijafika mwisho. Chagueni siku moja inayowafaa, na ifanyeni kuwa desturi.

1. Tumia maji yaliyobaki katika pipa kufua, kupiga deki au kumwagilia mimea. Usiyapoteze.

2. Sugua kuta za ndani za pipa kwa brashi ngumu na sabuni, hasa pale juu palipo na alama ya maji. Suuza, na umwage masuuzo kwenye ardhi kavu.

3. Funika pipa kwa kifuniko kinachobana. Kama huna, funga kitambaa kizito chenye nyuzi zilizokaribiana, ukikaze kwa kamba au mpira kuzunguka mdomo wa pipa. Kitambaa kisilegee na kugusa maji.

4. Tangi kubwa au shimo la maji lisiloweza kumwagwa kila wiki lifunikwe pasiwe na mwanya, na bomba la kupitisha hewa na la kutolea maji yanayozidi yawekewe wavu mdogo. Ukiona viluwiluwi ndani yake, mwambie afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Ipo dawa maalumu ya kuua viluwiluwi, na kipimo chake hutolewa na mtaalamu. Usitie mafuta ya taa wala dawa ya kunyunyizia wadudu katika maji ambayo watu wanatumia.

5. Zunguka uani. Kila kinachoweza kukinga maji kigeuzwe juu chini, kitobolewe, kiwekwe chini ya paa au kitupwe jaani. Tairi lijazwe mchanga au lifunikwe.

6. Badilisha maji ya kuku, paka na mbuzi, na usugue vyombo vyao.

Wanaolala mchana, yaani watoto wachanga, wagonjwa na wafanyakazi wa zamu za usiku, walale ndani ya neti hata jua likiwa utosini. Nguo ndefu na mafuta ya kufukuza mbu husaidia wakati wa asubuhi na jioni.

Je, kupuliza dawa hakutoshi?

Wakazi huuliza kwa nini mtaa wao haupulizwi dawa. Wakati wa mlipuko, kupuliza kunaweza kupunguza mbu haraka. Hata hivyo moshi huo huua mbu wanaoruka saa hiyo tu. Hauyagusi mayai wala viluwiluwi vilivyo ndani ya mapipa, na hauwafikii vizuri mbu waliojificha chini ya vitanda na nyuma ya nguo zilizotundikwa. Siku chache baadaye kizazi kipya hutoka. Mtaa uliopulizwa dawa na kuacha mapipa wazi utarudi pale pale.

Homa ikiingia nyumbani

Dalili za dengue huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu mwenye virusi: homa kali ya ghafla, kichwa kuuma, maumivu nyuma ya macho, misuli na viungo kuuma, kichefuchefu, na wakati mwingine vipele. Chikungunya hufanana nayo, ila maumivu ya viungo ni makali zaidi na huweza kudumu kwa wiki au miezi. Kwa macho huwezi kuitofautisha dengue na malaria. Kwa hivyo:

Nenda ukapimwe. Usinunue dawa za malaria dukani kwa kukisia. Kipimo kikionyesha huna malaria na homa inaendelea, rudi kituoni na ueleze, badala ya kurudia dozi ya malaria.

Kwa homa na maumivu, tumia parasetamoli kwa kipimo ulichoelekezwa. Usitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka dengue iwe imeondolewa shaka, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Mwambie hivyo muuzaji wa dawa akikupa "ya maumivu".

Mgonjwa anywe maji kwa wingi: maji safi, uji, supu, madafu au maji ya ORS. Hakuna dawa inayoua virusi vya dengue; maji na uangalizi wa karibu ndio tiba.

Mgonjwa alale ndani ya neti mchana na usiku. Mbu akimuuma yeye, anaweza kubeba virusi na kuvipeleka kwa mwingine.

Sasa jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Kwa baadhi ya wagonjwa wa dengue, hatari huja pale homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Watu hufurahi kwamba mwili umepoa, mtoto anaachwa alale, kumbe ndio saa ya kumwangalia zaidi. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- tumbo linauma sana;
- anatapika mfululizo;
- anatoka damu puani au kwenye fizi, au anatapika damu, au choo ni cheusi;
- anapumua haraka;
- amelegea, anasinzia kupita kiasi au hatulii;
- mikono na miguu ni baridi, au hajakojoa kwa saa nyingi.

Wajawazito, watoto wachanga, wazee, na wenye kisukari au presha wasisubiri dalili hizi. Waonwe na daktari homa inapoanza. Aliyewahi kuugua dengue pia awe mwangalifu, kwani kuna aina 4 za virusi vyake, na kuambukizwa aina ya pili kunaweza kuleta ugonjwa mkali kuliko wa kwanza.

Mbu wa jirani ni mbu wako

Mbu huyu haruki mbali. Mara nyingi maisha yake yote huishia ndani ya mita mia chache kutoka pale alipozaliwa. Kwa hiyo anayekuuma asubuhi amezaliwa uani kwako, au kwa jirani, au kwenye gereji ya kona, au kwenye birika la mahali pa ibada. Nyumba moja safi katikati ya nyumba kumi zenye mapipa wazi haitapona.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu mahali mbu wanapozaliana kuwa kero kwa afya ya umma, na inataka visima na vyombo vya maji vifunikwe. Lakini kabla ya kufika kwenye sheria, kuna kusemezana. Wapangaji wa ua mmoja wakubaliane siku moja ya kusugua mapipa yote. Mwenye nyumba atengeneze mfuniko wa tangi na michirizi ya paa. Walimu wawape wanafunzi kazi ya kutafuta viluwiluwi shuleni na nyumbani. Macho yao huona upesi kuliko yetu. Kamati za misikiti na makanisa zikague matangi na mabirika yao.

Mhudumu wa afya ya jamii akibisha hodi na kuomba kuangalia maji yako, mkaribishe. Hakuja kukukosoa. Mwonyeshe pipa, mfungue kifuniko pamoja, mtikise maji na mtazame. Mkiona vinavyojipinda-pinda, mmewakuta mbu wa wiki ijayo kabla hawajapata mabawa.