Mtoto anauliza: "Juu ya nini zahabu inabakia chini?"

Ilikuwa siku ya posho, masomo imefungwa. Pembeni ya maji tunapooshea mchanga alikuwa mtoto wa miaka sita hivi, amemfuata mama yake kazini. Alitazama karai inavyozungushwa, maji inatoka, mchanga unatoka, na mwisho kunabaki kamstari kadogo ka njano. Akauliza: "Mama, juu ya nini zahabu inabakia chini? Juu ya nini haitoke na mchanga?"

Mama alikuwa amechoka, na PDG wa shimo alikuwa anangojea. Sisi wa sendika tulikuwa watu watano pale, na wengine wetu tuko katika kazi hii zaidi ya miaka 20. Hakuna aliyejibu. Mmoja wetu akasema: "Nyamaza, ni Mungu aliifanya vile." Tukacheka. Mtoto akanyamaza.

Lile ulizo tulirudi nalo nyumbani, kwa sababu jibu liko na si gumu. Lita moja ya maji ina kilo 1. Chombo kile kile cha lita moja, kama kingekuwa kimejaa lile jiwe jeupe tunalotwanga, bila nafasi ndani, kingekuwa na kilo 2 na nusu na zaidi kidogo. Kingejaa dhahabu, ni kilo 19 na zaidi. Maji yana nguvu ya kubeba mchanga, lakini dhahabu inayashinda kwa uzito. Ni hayo tu. Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa, kama kuna mtu mzima wa kumpa dakika kumi.

Kuna watu wamefanya kazi ya kuwapa watoto dakika hizo. Mwaka 2013, huko Dar es Salaam, Nisha Ligon na wenzake Watanzania walianzisha shirika wakaliita Ubongo. Januari 2014 kipindi chao cha kwanza, Ubongo Kids, kilianza kuonekana kwenye televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC1, kwa Kiswahili. Ni katuni. Watoto na wanyama wanakutana na shida, wanapiga hesabu, wanajaribu, wanakosea, wanajaribu tena, na somo linaingia ndani ya wimbo. Kisha wakatengeneza Akili and Me, ya wale wadogo wa miaka 3 mpaka 6. Akili ni kasichana ka miaka minne, anakaa chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala anaingia nchi ya ndoto, na huko anajifunza kuhesabu, herufi, rangi na maumbo pamoja na rafiki zake wanyama.

Mtu atasema katuni ni mchezo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walienda Morogoro kupima. Watoto walioangalia Akili kwa wiki chache tu walifanya vizuri kuliko wenzao walioangalia vipindi vingine, katika kuhesabu na kutambua maumbo.

Wenye antena kati yetu wanakumbuka C'est pas sorcier ya Ufaransa: Fred anatembea inje kutafuta, Jamy yuko ndani ya lori lake na vifaa vya kuonyesha kila kitu. Kipindi kizuri sana, hata sisi wazee tulijifunza. Lakini ni Kifaransa, na cha haraka. Mtoto wa Salamabila wa miaka mitano anaona tu lori. Si bure serikali yetu imesema miaka ya kwanza ya masomo ifundishwe kwa lugha ya taifa, na huku Maniema ni Kiswahili. Kweli, Kiswahili cha Tanzania si chetu. Wao wanasema "namba", sisi "numero". Wao "kwa nini", sisi "juu ya nini". Tulijaribu kwa telefone uwanjani mwa jirani, watoto kumi na moja juu ya kioo kimoja kidogo. Siku ya pili walikuwa wanaimba.

Sasa tuseme ukweli juu ya kile watoto wetu wanachoangalia. Waya za umeme wa leta hazijafika kwetu. Kuna grupu za esansi, kuna pano za jua, na kuna salle za video. Mtoto analipa, anaingia, anaona filme ya vita toka asubuhi mpaka jioni. Hapa Salamabila! Watoto hawa wamekwisha kimbilia porini na mama zao kwa masasi ya kweli, na sisi tunawalipisha franka wasikie mengine.

Na kuna ulizo lingine, linalotusumbua kuliko lile la karai. Jioni, baba amerudi na kidonge cha dhahabu iliyoshikana na zebaki, ile tunaita merkiri. Anakiweka juu ya mbabula, ndani ya jiko, chakula kiko pembeni. Mtoto anauliza: "Baba, ule moshi unaenda wapi?" Tunamfukuza, au hatumfukuze, na hilo ni baya zaidi.

Moshi unaenda ndani yake. Zebaki inachemka kwa digrii 357, na makala yanapita hapo kwa urahisi. Haipotei: inageuka mvuke, unaingia mapafuni, mwingine unashika ukuta na sufuria. Inaharibu ubongo na figo, na mtoto mdogo na mimba ndio wanaumia zaidi. Huko Minamata, Ujapani, miaka ya 1950, zebaki ya kiwanda iliingia baharini, ikaingia samaki, ikaingia watu, na watoto walizaliwa na ulemavu. Ndiyo sababu mapatano ya dunia ya mwaka 2013 juu ya zebaki yana jina la mji ule. Sendika tumesema haya katika mikutano mingi. Watu wanaitika, wanapiga mikono, wanarudi kuchoma jikoni. Hatutaki kumtwika mtoto kazi yetu sisi wakubwa. Lakini mtoto aliyejibiwa atajua kusimama mbali na mbabula ile, na atamvuta mdogo wake.

Kwa hiyo tumeongea na mwenye salle moja. Amekubali kutuachia siku ya posho asubuhi, saa tatu mpaka saa tano, bila kulipisha watoto. Esansi ni juu yetu, na tunaomba kila shimo litoe kidogo. Kutakuwa na Akili kwanza kwa wadogo, kisha Ubongo Kids. Baada ya hapo tunazima grupu na mmoja wetu anasimama na vitu vya kazi yetu. Ubongo wanatengeneza pia vipindi vya redio, na wenye redio za huku tunawaomba waviulizie, maana redio inafika hata kule ndani ambako pano hakuna.

Siku ya kwanza tutaleta karai, mchanga, maji na vipande vidogo vya risasi ya wavuvi, kwa kuwa dhahabu hatutamwazima mtu. Mama wa yule mtoto tumemwambia. Amesema atakuja naye, ila saa tano kamili awe amerudi kwenye maji.