Hesabu ya Madeni: William Ruddick, kutoka Maabara ya Fizikia hadi Kawangware na Kibera (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha mwanahisabati Mswisi, Leonhard Euler, katika miaka ya 1730, akitafakari kama mtu anaweza kuuzunguka mji wa Königsberg na kuvuka kila mojawapo ya madaraja yake saba mara moja tu. Alithibitisha kwamba haiwezekani. Ili kufika hapo aliyaweka kando marefu na mapana ya madaraja, akabakiza vituo na njia zinazoviunganisha. Leo tunazifuata hesabu hizo hadi Gatina, Kawangware, na Lindi, Kibera, ambako vituo ni wachuuzi na mafundi, na njia ni madeni wanayodaiana.

Mtu tunayemfuata alisomea fizikia. William Ruddick, Mmarekani, alishiriki utafiti wa chembe ndogo kabisa za maada katika maabara ya SLAC, California, kabla ya kuja Kenya kujitolea chini ya Peace Corps. Huko Pwani alianza kuchunguza pesa. Mwaka 2010 alijaribu pesa ya mtaa iitwayo Eco-Pesa eneo la Kongowea, na Mei 2013 nyingine, Bangla-Pesa, ikazinduliwa katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa. Shirika lake la Grassroots Economics ndilo lililoufikisha mpango huo Nairobi.

Swali lililomsumbua linajulikana na kila mwenye kibanda. Kwa nini mtaa wenye bidhaa, ujuzi na wateja ulale njaa eti kwa sababu shilingi zimeadimika?

Tuchukue mfano. Mwalimu mwenye shule ndogo ya mtaani ana deni la shilingi 200 kwa fundi cherehani aliyeshona sare. Fundi naye ameandikiwa mboga za shilingi 200 katika daftari la mama mboga. Mama mboga hajamaliza karo ya mwanawe. Mwalimu anamdai 200. Jumla ya madeni ni 600, na wote watatu wanangojana. Noti moja ya 200 ikiingia kwa yeyote kati yao, itapita mikono mitatu, ifute madeni yote matatu, kisha imrudie aliyeanza nayo. Isipoingia, fundi atanyimwa mboga na mtoto atarudishwa nyumbani, ingawa ukipiga hesabu hakuna aliye maskini kuliko alivyokuwa kabla ya kukopa.

Watu watatu wanaweza kukaa kwenye benchi na kufutiana madeni. Wakiwa mia tatu, hakuna anayeliona duara. Kila mmoja anamjua anayemdai na anayedaiwa naye, basi. Vocha ya mtaa huondoa haja ya kuliona. Vocha za Bangla-Pesa zilikuwa karatasi za thamani ya 5, 10 na 20, na wanachama waliahidi kuzipokea. Vocha ikitoka kwa fundi kwenda kwa mama mboga, kisha kwa mwalimu, hatimaye humrudia fundi, nalo duara limejifunga bila mtu kulichora. Dhamana yake ilikuwa wanachama wenyewe: kila aliyejiunga alidhaminiwa na wenzake walioijua biashara yake.

Serikali ilishtuka. Mwezi huohuo wa Mei 2013, Ruddick na wenzake watano walikamatwa kwa shaka kwamba wametengeneza pesa bandia. Agosti mashtaka yalifutwa. Gatina-Pesa ikaanza Kawangware mwaka 2014, na Lindi-Pesa Kibera mwaka 2015.

Lakini mtaa si kisiwa. Sukuma wiki na nyanya hununuliwa katika soko la Marikiti kwa shilingi, na mwenye nyumba hataki karatasi ya Gatina. Kwa hiyo mama mboga hawezi kuuza kila kitu kwa vocha. Atapokea kiasi anachojua atapata pa kukitumia. Akipitisha kiasi hicho, vocha zitamrundikia. Kwa lugha ya Euler, hicho ni kituo chenye njia nyingi za kuingia na hakina ya kutokea. Hapo ndipo pesa ya mtaa hufia, na kuchapisha vocha zaidi kunazidisha mrundikano.

Karatasi haisimulii ilikopita, simu husimulia. Baadaye vocha zikawa Sarafu, inayotumwa hata kwa simu ya mulika mwizi bila intaneti. Wakati wa Korona, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliunga mkono mpango huo, na watumiaji wengi wakati huo walikuwa Mukuru, Nairobi, na Kinango, Kwale. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 takriban akaunti 40,000 zilifanya miamala zaidi ya 400,000. Kumbukumbu hizo, bila majina ya wenyewe, zilitolewa kwa watafiti.

Carolina Mattsson, Teodoro Criscione na Frank Takes walizichambua kwa kompyuta. Waligundua kwamba sarafu zilizunguka zaidi ndani ya maeneo madogo, baina ya watu wa kazi mbalimbali, na kwamba maduara ndiyo yaliyoshikilia mzunguko wenyewe. Vyama vya akiba na mikopo mara nyingi vilikalia njia panda za mtandao huo, na ushiriki wa wanawake ulikuwa na uzito wake.

Matokeo hayo yanapaswa kuwapa funzo wanaodhani programu mpya inatosha kuufufua uchumi wa mtaa. Kompyuta ilipima duara. Waliolijenga ni akina mama wa chama, waliojua nani hulipa na nani hukwepa miaka mingi kabla ya Sarafu. Anayetaka kuiga mpango huu Dagoretti au Mathare aanze na orodha ya nani anauza nini na ananunua kwa nani. Orodha ikionyesha kwamba kila kitu kinatoka nje ya mtaa, aiache programu yake. Hakuna duara la kufunga.

Limebaki swali la anayezikalia sarafu bila kuzitumia. Mji wa Wörgl, Austria, ulilijibu mwaka 1932 kwa kuzipunguza thamani noti zilizolala, hadi benki kuu ya nchi hiyo ilipoupiga marufuku mpango huo. Tutauchambua wiki ijayo.