MWENYE KUTOA JINA NI NANI?

Mkazi wa Kilwa Kivinje hahitaji ramani ili amwonyeshe mgeni mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, kwa sababu alikataa kutawaliwa. Jina hilo halikutoka katika boma la Wajerumani, wala halikungoja muhuri wa karani. Lilitoka vinywani mwa watu. Wajerumani wakaenda zao, jina likabaki.

Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu ya swali ambalo limezuka katika vyuo vikuu vya nchi nyingi: wanafunzi waandamanao wakilipa jengo jina jipya, je, wakuu wa chuo walitambue?

Mwezi Oktoba 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, walipinga karo kuongezwa kwa asilimia 10.5. Wakaingia katika jengo kuu la utawala lililoitwa Senate House, wakalala humo, na wakaanza kuliita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Serikali ya Makaburu tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Hapakuwa na kikao kilichowaruhusu. Hata hivyo jina lilishika, na kufikia mwaka 2017 chuo kilikuwa kimelikubali rasmi.

Jina hilo si geni kwetu Watanzania. Wapigania uhuru wa ANC waliiita shule yao ya Mazimbu, Morogoro, kwa jina la Mahlangu, katika ardhi waliyopewa na Serikali yetu. Walipoondoka mwaka 1992 hatukulifuta. Leo ni jina la kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Wako wasemao kwamba tukikubali hayo, kila kundi litakalovunja mlango litabandika jina lake. Hofu hiyo ina maana, nasi hatuicheki. Jina la usiku mmoja, lililoandikwa ukutani kwa hasira, halina haki ya kudumu. Lakini likiwa limezoewa hata na mfagiaji na dereva, na likiwa la mtu aliyestahili, baraza la chuo lina wajibu wa kuketi na kulijadili. Kulikataa kwa sababu tu halikuanzia mezani kwa wakubwa ni kiburi, na kiburi cha namna hiyo tulikizoea enzi za wakoloni.

Ndugu zetu wa Lindi wana sababu ya kulifikiri jambo hili mapema, maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeamua kuwa na kampasi huko. Kumbi zake zitahitaji majina. Umatumbi, ambako watu wa Nandete waling'oa pamba mwaka 1905 na kuanzisha Vita vya Maji Maji, uko katika mkoa huohuo. Tunataraji kwamba daftari la majina halitafungwa kabla wazee wa Nandete na Kivinje hawajaulizwa.